Nimeambiwa nikijiunga na chama cha wafanyakazi nitarudishwa Kenya

Dada habari. Huwa nakusoma kimya kimya nikiwa kwa gari nikingoja saa ya mzee mwingine ifike, lakini leo nimeamua kuandika kwa sababu sina mtu wa kumwambia, mama nikimwambia atalia na mume wangu nikimwambia atasema tu vumilia.

Mimi ni Mkenya, nyumbani ni Kitale, nina watoto wawili wako na nyanya yao. Nilikuja Uingereza Mei 2024 kufanya kazi ya keya, ile ya kuzunguka kwa nyumba za wazee, unamwosha mtu, unampa dawa, unampikia chai, unaandika kwa simu umemaliza halafu unakimbia kwa mwingine. Ile sheria ya keya kutokuja na watoto ilikuwa imeanza Machi mwaka huohuo kwa hivyo nilikuja peke yangu. Ejenti wa Nairobi alichukua shilingi 850,000. Nusu ni mkopo wa sacco na wadhamini wangu ni binamu zangu wawili, nusu nyingine tuliuza ng'ombe na kipande cha shamba la mume wangu. Yaani nikianguka naanguka na familia mbili.

Mkataba ulisema masaa 39 kwa wiki. Nimefika nikapata wiki zingine 20, zingine 25, na mbaya zaidi hayo masaa yenyewe sielewi yanahesabiwa aje. Natoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, nafika kwa mzee wa kwanza saa moja, wa mwisho namaliza saa tatu usiku, lakini kwa slipu siku hiyo inaonekana nimefanya masaa saba. Wanalipa tu zile dakika niko ndani ya nyumba ya mzee. Kuendesha gari kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine hailipwi, na vijiji vya huku viko mbali mbali. Gari ni yao, wananikata pauni 60 kila wiki. Kitanda ni chao, tuko wanawake sita kwa nyumba moja, kila mtu anakatwa pauni 90 kwa wiki. Nikituma za watoto na za sacco nabaki na ya mkate tu.

Pasipoti alichukua wiki ya kwanza akasema ni ya faili, hajarudisha mpaka leo. Pia nilisaini karatasi ati nikitoka kabla ya miaka 3 namlipa pauni 6,000. Nilisaini usiku niliofika, hata sikuwa nimelala.

Sasa mwezi uliopita msichana mmoja wa Zimbabwe aliuliza kwa group ya WhatsApp kuhusu masaa. Bosi akatuma voisi, akasema anayeona kazi haimfai aseme, ataripoti Home Office, ile wizara inayosimamia uhamiaji, kesho yake na visa itakatwa, kuna watu mia wanangoja hiyo nafasi. Tangu hiyo siku hakuna mtu huandika kitu hapo isipokuwa "asante" na "sawa bosi". Huyo msichana wa Zimbabwe baadaye akaniambia pembeni kwamba amejiunga na chama cha wafanyakazi na mimi nijiunge. Nilipompigia binamu yangu wa Leeds akaniambia usithubutu, chama ni cha wenyewe wazungu, sisi wa visa tukiingia jina linapelekwa kwa mwajiri na kwa uhamiaji, utajikuta Jomo Kenyatta na sanduku. Na mimi kusema ukweli chama ninachokijua ni cha walimu kule nyumbani wakigoma, sijawahi fikiria mtu wa kuosha wazee anaweza kuwa na chama.

Dada niambie ukweli hata kama ni mchungu. Naruhusiwa? Atajua? Na akinifukuza nitafanya nini na hili deni?

Mama wa Wawili, Midlands

JIBU

Mama wa Wawili, mdogo wangu, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikifika kwenye ile karatasi uliyosainishwa usiku wa kufika hasira inanipanda upya. Mimi mwenyewe nimefanya kazi hiyo miaka tisa, na saba kati ya hiyo nilikuwa mwakilishi wa chama kazini, kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyaona kwa macho yangu kwenye vikao, na pale penye hatari nitakuambia pana hatari.

Kwanza swali lako. Ndiyo, unaruhusiwa kujiunga na chama, visa yako haikuzuii hata kidogo. Sheria ya Uingereza ya 1992 inamlinda mfanyakazi asifukuzwe wala asinyanyaswe kwa sababu ya kuwa mwanachama, na kwa kosa hilo haiangaliwi umefanya kazi miaka mingapi, hata ungekuwa na wiki mbili unalindwa. Hata mgomo ukiwa wa halali kanuni za uhamiaji zimeutenga, siku za mgomo hazihesabiwi kwenye zile wiki 4 za kukosekana kazini bila malipo ambazo zinaweza kumtia mtu wa visa matatani. Simaanishi ukagome, nakuonyesha tu kwamba hao waliokutisha hawajasoma.

Je atajua? Chama hakimpelekei mwajiri orodha ya majina na hakiwapelekei uhamiaji. Ukijiunga mwenyewe kwa simu na ada ikakatwa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, bosi hana pa kuliona jina lako mpaka siku utakayotaka wewe alione. Usikubali tu ada ikatwe kupitia mshahara, maana hapo mhasibu wake ataiona. Chama kikubwa kwa watu wa kazi yetu ni UNISON, kina wanachama zaidi ya milioni 1, ada inategemea kipato chako kwa hiyo mwenye mshahara mdogo analipa kidogo, na wamekuwa wakipigania keya wa visa wasifungwe kwa bosi mmoja. GMB nao wapo kwenye kazi za wazee. Muulize huyo dada wa Zimbabwe yeye yuko kipi uingie hichohicho, mkiwa chama kimoja mna nguvu zaidi.

Sasa pale penye uchungu. Bosi wako hawezi kufuta visa yako, usimwache akudanganye, anayefuta ni Home Office peke yake. Lakini anaweza kuripoti kwamba haidhamini tena visa yako, na hilo ni kweli, na ripoti hiyo ikifika ndipo Home Office inaweza kukuandikia barua ya kukupa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Hizo siku 60 huhesabiwa kutokana na hiyo barua, si kutokana na siku bosi aliyokasirika, na mara nyingi barua inachukua muda kufika. Watu wengi hawalijui hili, wanafukuzwa Ijumaa na Jumatatu wameshajificha au wameshakata tiketi. Usifanye hivyo.

Kuna jambo jingine na hili nataka ulishike sana, usikimbilie kumripoti bosi Home Office kwa hasira kabla hujajipanga. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilinyang'anya leseni za kudhamini zaidi ya 470 kwenye sekta hii ya kuhudumia watu, na ni vizuri wabaya wakamatwe, ila leseni ikienda wafanyakazi wote waliokuja kwa leseni hiyo visa zao zinayumba, wewe na wenzako watano wa nyumba moja na wengine ambao hata huwajui. Mimi naona ni uonevu mkubwa, aliyeibiwa ndiye anayehesabiwa siku, na ndiyo maana vyama vinataka visa iwe ya sekta nzima badala ya mtu kufungwa kwa bosi mmoja. Lakini leo sheria iko hivyo kwa hiyo tunapanga kwa jinsi ilivyo.

Tuje kwenye pesa zako maana hapo ndipo una nguvu kuliko unavyojijua. Muda wa kuendesha gari kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi linapokuja suala la mshahara wa chini. Kutoka nyumbani kwako kwenda kwa mzee wa kwanza hauhesabiwi, na kurudi usiku hauhesabiwi, lakini ule wa katikati unahesabiwa. Kiwango kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Chukua siku moja ya wakati huo, umelipwa masaa 7, ni pauni 85.47. Tuseme siku hiyo umeendesha kati ya wazee masaa 3. Basi umefanya kazi masaa 10, gawanya 85.47 kwa 10 unapata pauni 8 na senti hamsini na kitu kwa saa. Huo ni chini ya sheria, na hapo bado hatujagusa zile 60 za gari, maana gari ukilihitaji kwa kazi yake hiyo makato inashusha mshahara wako zaidi kwenye hesabu. Hata kitanda kuna kiwango ambacho sheria inaruhusu kihesabiwe, akizidisha hapo ziada nayo inashusha. Kwa hiyo unapoona 12.21 kwenye slipu usidhani uko salama, namba hiyo imeandikwa tu. Na madai ya mshahara wa chini yakipelekwa kwa idara ya serikali inayosimamia wanaweza kurudi nyuma mpaka miaka 6, yaani hata mwezi wako wa kwanza kabisa bado unaweza kuudai.

Ndiyo maana kazi yako ya kwanza kuanzia leo ni kuandika. Nunua kidaftari kidogo, kila siku andika saa uliyofika kwa mzee, saa uliyotoka, maili ulizoendesha, usiandike majina ya wazee wala magonjwa yao, weka herufi tu, maana ukichukua taarifa zao atapata la kukushikia. Piga skrinshoti ya rota kabla hawajaibadilisha, wana tabia ya kuibadilisha baadaye. Slipu zote, mkataba, ile karatasi ya 6,000, cheti cha udhamini, ile voisi ya bosi. Na M-Pesa! Kama ulimlipa ejenti kwa M-Pesa au benki toa taarifa yote ya miamala, kuna watu wamepoteza ushahidi wa laki kadhaa kwa sababu ya kubadilisha laini. Tuma kila kitu kwenye barua pepe yako binafsi, si simu ya kazi.

Kuhusu huyo ejenti, huku Uingereza sheria ya 1973 inakataza wakala kumtoza mtu ili amtafutie kazi, na kulikuwa na mamlaka iliyoitwa GLAA, ya kudhibiti mawakala wanaonyonya wafanyakazi (mwaka 2026 kazi yake ilihamia Fair Work Agency), ambayo ilizaliwa baada ya watu waliokuwa wakiokota kome kukatwa na maji ya bahari kule Morecambe Bay usiku wa tarehe 5 Februari 2004, Wachina zaidi ya ishirini, watu wenye madeni nyumbani kama wewe, walipelekwa na msimamizi asiyejali maji yanajaa saa ngapi. Mimi ni mtoto wa Tanga, bamvua na maji mafu tulifundishwa kabla ya kusoma, ile habari ilinikata maini. Ejenti wako yuko Nairobi kwa hiyo sheria ya huku haimfikii kirahisi, lakini kama bosi wako naye alipata mgao hapo kuna kesi, na chama kitakuuliza hilo.

Ile karatasi ya 6,000 isikunyime usingizi kabla mtu wa sheria hajaisoma. Kuna gharama ambazo mwajiri haruhusiwi kumtupia mfanyakazi, ile tozo ya serikali ya kuajiri kutoka nje ni yake yeye. Na namba ya mkupuo isiyopungua hata ukikaa miaka 2 na nusu, isiyoeleza kila pauni ilienda wapi, inapingika. Mwongozo wa serikali yenyewe unasema marejesho ya namna hiyo lazima yawe wazi na yalingane na gharama ya kweli. Wengi wanatishiwa kwa karatasi hizo na anayetisha hathubutu kwenda nayo mahakamani.

Pasipoti ni mali ya serikali ya Kenya. Mwajiri anatakiwa kupiga kopi tu na kukurudishia hapohapo. Kuishikilia ili mtu asiondoke ni moja ya dalili ambazo polisi na wakaguzi wa serikali wanaziangalia wanapotafuta utumwa wa kisasa. Iombe kwa maandishi, maneno ya upole kabisa, sema unahitaji kwa ajili ya benki au kuhakiki visa, usitaje chama wala sheria.

Sasa huyo binamu wa Leeds. Usimkasirikie, anakupenda na anaogopa, ila kwamba chama ni cha wazungu naomba umsimulie habari moja. Mwaka 1976 kulikuwa na kiwanda cha kusafisha picha kinaitwa Grunwick huko Willesden, London, wafanyakazi wengi walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Wakilipwa kidogo, wakilazimishwa overtaimu, na kwenda chooni kwa ruhusa. Mama mmoja, Jayaben Desai, aliyekuwa ameishi Tanzania kabla ya kuja Uingereza, akatoka nje Agosti ya mwaka huo, wenzake wakamfuata, wakaenda kutafuta chama cha kujiunga nacho wakiwa tayari wako barabarani. Karibu miaka miwili walisimama pale getini na maelfu ya wafanyakazi wazungu wakaja kusimama nao, wachimba makaa ya mawe kabisa. Walishindwa, sitakuficha, mgomo uliisha 1978 bila chama kutambuliwa na viongozi wa juu wa vyama waliwaacha mkono mwishoni. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba mwanamke mhamiaji hajui kupigania haki yake. Hao ni watu wetu, walipanda meli na ndege kutoka kwetu.

Na kama anataka walioshinda, kuna wasafisha vyumba wa hoteli ya Ibis Batignolles pale Paris, kama ishirini hivi, wengi wao wanawake wa Kiafrika, walioajiriwa na kampuni ya kati ili hoteli iseme hao si wangu. Waligoma na chama cha CGT kuanzia Julai 2019 mpaka Mei 2021, miezi 22, wakaja kupata nyongeza, hela ya chakula na kupunguziwa idadi ya vyumba. Mmoja wao, Rachel Keke aliyezaliwa Côte d'Ivoire, mwaka 2022 alichaguliwa mbunge wa Ufaransa. Msafisha vyumba.

Haya, mpangilio wangu kwako ni huu. Jiunge na chama wiki hii, usingoje balaa, kwa sababu vyama vingi havitoi wakili kwa mwanachama wa jana na tatizo la mwaka juzi, wana muda wa kungoja, kwa UNISON ni wiki 4 kabla ya msaada wa kisheria. Watu hukasirika wakiambiwa hivyo lakini ada za wanachama ndizo zinazolipa mawakili. Ukiwa unangoja, piga simu Acas, ni huduma ya bure ya serikali kuhusu migogoro ya kazi, hawakuulizi visa na hawampigii bosi. Kumbuka tarehe pia, kupeleka madai mahakama ya kazi kwa miaka mingi imekuwa ni miezi 3 kasoro siku 1 tangu jambo lilipotokea. Sheria mpya ya 2025 inakusudia kuuongeza mpaka miezi 6 lakini wewe hesabu 3, asikudanganye mtu.

Wakati huohuo tafuta mdhamini mwingine kimya kimya, na hapa nina habari njema kidogo. Tangu 22 Julai 2025 waajiri hawawezi tena kuleta keya wapya kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo ile ya bosi wako kwamba watu mia wanangoja nafasi yako ni uongo mtupu, mlango wameufunga, hao mia hawawezi kuingia. Mlioko ndani ndio mnaotafutwa, na kubadilisha mwajiri mkiwa humuhumu nchini kunaruhusiwa mpaka Julai 2028. Kabla ya hapo pia, tangu Aprili 2025, waajiri wa England waliambiwa waanze na keya walioko nchini waliopoteza wadhamini, na kuna ofisi za ushirikiano za kila kanda zinazowaunganisha, ya Midlands ipo, chama kitakupa mawasiliano yao. Angalia tu mwajiri mpya awe amesajiliwa CQC, wakaguzi wa huduma hizi za wazee, na awe kwenye orodha ya serikali ya wenye leseni, na usianze kazi kwake kabla ombi la visa mpya halijakubaliwa. Usimlipe mtu yeyote senti kwa ajili ya cheti cha udhamini, hata awe Mkenya mwenzio, hata awe wa kanisani. Hasa wa kanisani.

Mume wako mwambie ukweli wote na hesabu zote, mtumie hata picha ya slipu. Anasema vumilia kwa sababu anajua shamba limeuzwa, hajui kwamba unaibiwa masaa ya barabarani kila siku. Akijua nadhani atabadilika. Na wale wadhamini wa sacco waambie mapema unapitia nini, sacco huweza kupunguza marejesho ya mwezi ukiomba kabla hujachelewa, ukishachelewa lugha inabadilika.

Kuhusu wenzako wa nyumba usiwahubirie. Kaa na mmoja mmoja jikoni, mpe kidaftari, mwonyeshe ile hesabu ya 85 kugawanya kwa 10 kwa kutumia siku yake mwenyewe. Mkifika watatu au wanne wenye madaftari ndipo mwiteni mtu wa chama mkutane naye nje ya nyumba hiyo, maktaba au mgahawa, muandike malalamiko rasmi pamoja, kwa barua moja yenye majina yenu. Kumfukuza mmoja ni rahisi kwake, kuwafukuza wanne kwa mpigo wazee watakaa bila kuogeshwa na halmashauri inayomlipa itauliza. Mkiitwa kwenye kikao cha malalamiko au cha nidhamu sheria ya 1999 inakupa haki ya kuingia na mtu wa chama, hata kama kampuni yenyewe haikitambui chama hicho. Akisema njoo peke yako tuongee kama familia, mwambie asante bosi, nitakuja na mwakilishi wangu, na kama siku hiyo mwakilishi hana nafasi unaruhusiwa kupendekeza siku nyingine ndani ya siku 5 za kazi.

Na siku ya kikao wakikuwekea karatasi yoyote mezani usisaini palepale, sema unaipeleka kwa chama kwanza. Uwe umelala safari hii.